Pua ya pili: kuirudia, kuitibu bila kisu, au kuiacha?

Nilijua pua yangu ina kasoro nikiwa natawadha. Navuta maji puani kama nilivyofundishwa chuoni, yaani madrasa: upande wa kushoto yanapanda, upande wa kulia yanabisha hodi na kurudi. Hiyo ilikuwa miaka 4 baada ya upasuaji wa 2014. Sasa imetimia miaka 11, na usiku nalala kinywa wazi kama samaki wa sokoni.

Wifi yangu wa Malindi naye alipasuliwa pua, 2021. Yeye anapumua vizuri kunishinda, ila akipigwa picha kwa upande huomba irudiwe mara tano, kwa sababu ncha ya pua imeelekea kushoto na juu ya mgongo wa pua kuna kijinundu ambacho mimi hukiona akinionyesha tu. Idi iliyopita alikuja Lamu, tukakaa dakani kwetu Langoni, tukaulizana: turudi kwa daktari wa kisu au tuache? Tulibishana hadi chai ikapoa. Kumbe kila mmoja alikuwa anajibu swali lake.

Yafuatayo ndiyo tuliyoyapima, njia kwa njia. Sisi si madaktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wifi yuko mapokezi hotelini. Lakini kila mmoja ameonana na madaktari zaidi ya mmoja, ameingizwa kamera nyembamba puani, na amesikia maneno ambayo kabla ya upasuaji wa kwanza hakuna aliyetuambia.

Gauni lisilo na pindo

Mara ya pili nilikuwa naidhani ni kama kurudisha gauni kwa fundi: hapa pamebana, paachie. Fundi ana kitambaa cha akiba kwenye pindo. Pua haina pindo. Theluthi yake ya juu ni mfupa, iliyobaki ni gegedu, kitu kigumu kinachopindika kama cha sikio, na katikati kuna ukuta unaotenganisha matundu mawili. Ukuta huo ndio ghala la daktari. Akitaka kipande cha kuegemeza ncha au kutanua njia ya hewa, hukata humo, huku akibakisha ukingo wa umbo la L wenye upana wa sentimita 1 au zaidi ili pua isizame. Daktari wa mara ya pili akifungua ghala hukuta limeshachotwa. Hukuta pia makovu yaliyoishikamanisha ngozi na kilicho chini yake, na mishipa ya damu iliyobadili njia.

Halafu kuna umri wa jeraha. Ngozi ya pua huendelea kujikaza juu ya kiunzi chake miaka na miaka. Pua iliyopunguzwa kupita kiasi hupendeza mwaka wa kwanza, maana uvimbe bado unaifunika. Uvimbe ukiisha na ngozi ikikaza, kila kilichopunguzwa hujitokeza. Yangu ndiyo hiyo. Nilikuwa na nundu tangu nilipoanguka kutoka juu ya punda nikiwa na miaka 9, na nilitaka kuolewa na pua ya upanga. Daktari, ambaye simtaji wala hospitali yake, aliiparuza nundu, akaondoa na gegedu la pande mbili lililoshikana nayo, wala asiweke kitu cha kuzuia kuta zisiangukie ndani. Nikisimama chini ya taa utaona kivuli cha V iliyopinduliwa katikati ya pua yangu. Pumzi nayo hukwama papo hapo.

Hatuko peke yetu: hukadiriwa kwamba kati ya watu 5 na 15 katika kila 100 waliopasuliwa pua hurudi kufanyiwa tena.

Kabla ya kulinganisha chochote, fanya jaribio ambalo madaktari wa masikio, pua na koo hulifanya kwanza. Weka vidole shavuni kando ya pua, vuta shavu taratibu kuelekea sikioni, kisha pumua kwa pua. Hewa ikifunguka ghafla, huenda shida iko kwenye ile sehemu nyembamba ya ndani inayoitwa vali. Si hukumu, kwa sababu hata pua isiyo na ugonjwa hupumua vizuri kidogo ikivutwa hivyo. Mimi nilipovuta ilikuwa kama mtu amefungua dirisha la upande wa bahari. Wifi alivuta, akanitazama, akasema, "Mbona ni ile ile?"

Basi tukajua. Mimi pua inaninyima pumzi, yeye inamnyima raha ya kioo. Kila njia hapa chini ina uzito mmoja kwangu na mwingine kwake.

Kuacha kisu na kutibu kilichovimba

Madaktari wote wawili niliowaendea walianzia hapa, na nikadhani wananipotezea muda. Haikuwa hivyo. Sehemu ya kuziba kwangu ilikuwa mzio tu: vumbi la godoro, na ukungu wa kuta zetu za mawe na chokaa mvua za masika zinapozilowesha. Pua nyembamba ikivimba kidogo hufunga kabisa, wakati pua pana isingehisi kitu. Nilipewa dawa ya kupuliza yenye steroidi na nikaambiwa nisiihukumu kabla ya wiki kadhaa, maana haifanyi kazi siku hiyo hiyo kama panadol. Na kuna namna ya kuipuliza ambayo nilikuwa siijui: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ncha ya chupa ielekezwe upande wa nje wa pua, si kwenye ukuta wa kati. Ukiupulizia ukuta kila siku hukauka na kutoa damu, na kwa sisi ambao ukuta umeshakatwa, hilo si jambo la kuchezea.

Jioni nasafisha kwa maji ya chumvi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini ya joto, yaani iodini, katika kikombe cha robo lita. Maji lazima yawe yamechemshwa yakapoa. Najua wapo wanaochota kisimani moja kwa moja kwa kuwa maji yetu ya visima yana chumvichumvi tayari. Msifanye hivyo. Maji mabichi hayapelekwi juu ya pua.

Usiku nabandika plasta ya kutanua pua, ile ya wachezaji mpira. Mume wangu ameshazoea.

Onyo moja kwa wenzangu mnaojinunulia dawa dukani: yale matone ya kuzibua pua kwa dakika tano, ya zailometazolini na jamii yake, hayapiti siku 5 hivi. Mimi niliyatumia miezi mitatu. Pua hugeuka ikawa inaziba kwa sababu ya dawa yenyewe, na ukiacha inaziba zaidi, ndipo ununue chupa nyingine. Kujinasua kulinichukua wiki mbili za usingizi mbovu.

Baada ya miezi mitatu ya matibabu haya, upande wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia ulipata nafuu kama theluthi. Kuta zilizoanguka ndani hazinyanyuliwi na dawa ya kupuliza. Lakini sasa nilijua ni kiasi gani cha shida yangu ni cha kisu na kiasi gani ni cha godoro. Nisingelijua hilo, ningeweza kupasuliwa na kuamka nikiwa bado nimeziba.

Kwa wifi, njia hii ina maana ya kuacha tu. Naye hakupenda nilipoiita njia. Lakini ndiyo pekee unayoweza kuibadilisha kesho bila kovu.

Sindano ya fila

Hii ndiyo iliyomvuta wifi, na naelewa. Hakuna kulazwa, hakuna nusukaputi, dakika chache na unarudi kazini. Hudungwa fila, yaani ute wa asidi ya hayaluroniki, juu na chini ya kijinundu ili mgongo wa pua uonekane umenyooka. Hudumu miezi 6 hadi 18, mwili huimeza, unarudi tena. Ukiipenda sana, miaka 5 mbele utakuwa umelipia nusu ya safari ya upasuaji kwa kitu ambacho hakipo tena.

Bei siyo iliyotutisha. Nilikwisha kusema mishipa hubadili njia baada ya upasuaji. Fila ikiingia ndani ya mshipa, au ikiukandamiza kutoka nje, ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa, na kwa kuwa mishipa ya pua imeungana na ya jicho, mtu anaweza kupofuka. Ni nadra. Lakini pua ni miongoni mwa sehemu za hatari zaidi usoni kwa sindano hii, na pua iliyowahi kupasuliwa ina hatari zaidi kuliko isiyoguswa. Anayedunga lazima awe na hayaluronidesi mkononi, dawa inayoiyeyusha fila, na ajue dalili: ngozi kupauka au kuwa na madoa ya utando, maumivu makali, macho kuona giza. Hapo hesabu ni ya dakika.

Wifi alikwenda saluni moja aliyoambiwa na mwenzake wa kazini. Akauliza kama wana dawa ya kuyeyusha. Dada wa saluni akamjibu, "Hatujawahi kuihitaji." Wifi akachukua mkoba wake.

Fila pia haizibui pumzi. Kwangu haikuwa na nafasi hata ya kujadiliwa.

Gegedu la sikio

Sasa tuko kwenye kisu, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Ghala la pua likiwa tupu, daktari hukopa kwingine, na duka la kwanza ni sikio. Hukata mbele au nyuma ya sikio, huchukua kipande cha lile bakuli la ndani, hushona, na sikio hubaki na umbo lake. Gegedu la sikio lina mkunjo wa asili, kwa hiyo hufaa kuegemeza mabawa ya pua yanayonyonywa ndani mtu akivuta pumzi. Ubaya wake ni ulaini na uchache. Halibebi mzigo. Pua iliyozama mgongo haiinuliwi na sikio.

Kwangu, daktari alichunguza ukuta wa kati kwa kijiti chenye pamba, akiugonga taratibu kusikia pagumu na palaini, akasema kimebaki kipande kidogo nyuma. Mpango wake: vijiti viwili vyembamba vya gegedu viingizwe kati ya ukuta na kuta za pembeni ili vali ifunguke, na kipande cha sikio upande wa kulia. Kivuli cha V kitapungua kwa sababu vijiti hivyo hivyo hujaza bonde. Nikamuuliza kama pua itakuwa nyembamba kama ya harusini. Akasema hapana, itakuwa pana kidogo, kwa sababu hewa inataka nafasi. Nilikaa kimya. Miaka 11 nimekuwa nikilinda wembamba ulionigharimu usingizi, na bado moyo uliuma kidogo kuupoteza.

Jambo lingine zuri kwa kesi kama yangu ni karatasi. Bima nyingi hazilipii urembo, lakini kizuizi cha pumzi kilichoandikwa na daktari, pamoja na picha ya CT, kina nafasi ya kuombewa idhini. Uliza kabla, kwa maandishi, uwe na bima binafsi au SHA, ile ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usisubiri upasuliwe ndipo uanze kubishana na dirisha la malipo.

Wifi alishawishika kidogo, maana daktari mmoja alimwambia ncha yake inaweza kunyooshwa kwa mshono na kipande kimoja cha sikio. Daktari huyo huyo alimuuliza, "Unaitazama mara ngapi kwa siku?" Wifi alikasirika, akaniambia daktari anamwona yeye kichaa. Siku mbili baadaye alinipigia simu usiku. Alikuwa amehesabu. Ni mara nyingi. Hutazama kwenye kioo cha lifti, kwenye kioo cha tuktuk, kwenye simu iliyozimwa. Alisema kabla ya 2021 alikuwa hivyo hivyo, ila wakati ule ilikuwa nundu na sasa ni ncha. Kuna watu ambao akili yao hukishika kiungo kimoja na kukikuza hadi kikajaza siku nzima, na kwao kisu cha pili huhamisha wasiwasi tu. Madaktari waangalifu huwapeleka kwanza kwa mshauri. Sisemi wifi yangu ni mmoja wao. Nasema swali lile lilikuwa la adabu kuliko tulivyolichukulia, na daktari asiyeliuliza kabisa ndiye ningemwogopa.

Gegedu la mbavu

Pua iliyozama, iliyofupika, au iliyopasuliwa mara mbili tatu, hujengwa upya kwa ubavu. Huchukuliwa gegedu la ubavu wa 6 au wa 7 hivi, kupitia mkato wa sentimita chache ambao kwa wanawake hufichwa chini ya titi. Ni gegedu gumu na jingi. Hubeba chochote.

Gharama yake mwilini ni kubwa. Kifua huuma kuliko pua, hasa ukikohoa au kucheka. Kuna uwezekano mdogo wa kutoboa utando wa pafu. Gegedu la ubavu lina tabia ya kupinda likishachongwa, na likipinda ndani ya pua, pua nzima inapinda nalo. Mtu akifika umri wa makamo, gegedu hilo huanza kugeuka chokaa, likavunjika chini ya kisu. Upasuaji ni wa saa kadhaa chini ya nusukaputi.

Sisi sote wawili hatukuhitaji hili, na nalitaja kwa sababu wapo wanaouziwa ubavu kwa kijinundu. Ukiambiwa ubavu, uliza kwa nini sikio halitoshi. Wengine huambiwa waweke silikoni ili kuepuka mkato wa pili. Pua iliyojaa makovu na ngozi nyembamba huweza kuisukuma silikoni itoke nje hata baada ya miaka, na ikipata wadudu haitibiki bila kuondolewa. Cha mwilini mwako huishi nawe.

Nairobi, India au Istanbul

Wifi alikuwa wa Istanbul, mimi wa Nairobi. Tulibishana zaidi hapa kuliko kwenye gegedu.

Hoja yake si dhaifu. Istanbul kuna madaktari ambao kazi yao ni pua asubuhi hadi jioni, na mkono unaorudia jambo moja kila siku hujua mengi. India nako Wakenya wengi wamezoea kwenda kutibiwa, wanajua njia za viza na za kulala. (Na India ina haki ya kujisifu: maandiko ya kale ya Sushruta yanaeleza kutengeneza pua kwa kipande cha ngozi ya shavu, karne nyingi kabla ya hospitali za leo.) Sehemu nyingi huuza kifurushi: ndege, hoteli, upasuaji, gari la kukupokea.

Kifurushi huisha banzi, kile kigumu cha kushikilia pua, linapotolewa, siku ya 7 hivi, na kwako kazi ndipo inaanza. Uvimbe wa pua ya pili hukaa mwaka mzima, na wenye ngozi nene hufika miezi 18 au 24. Katika muda huo daktari huweza kutaka kudunga steroidi kidogo mahali palipovimba, kuondoa uzi uliojitokeza, kutazama kama makovu ya ndani yameshikana. Hayo hayafanyiki kwa video ya WhatsApp. Mimi kutoka Lamu navuka kwa boti hadi Manda, naruka Nairobi, naonwa, narudi. Nikiishiwa pesa za ndege, kuna kuvukia bara Mokowe na basi la siku nzima. Istanbul sirudi kwa ajili ya uzi mmoja.

Mombasa iko karibu zaidi, kwa wifi hasa, kilomita 120 hivi kutoka Malindi. Kwa uchunguzi, CT na dawa za mzio haina haja ya kwenda mbali. Kwa kisu cha pili nilitaka mtu ambaye marudio ni sehemu kubwa ya kazi yake, na aliyenijibu hivyo bila kusitasita nilimpata Nairobi. Popote utakapokwenda Kenya, jina la daktari litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, iliyo mtandaoni, uone leseni yake. Muulize pua ngapi kati ya za mwaka jana zilikuwa za watu waliopasuliwa na wengine. Omba picha za mwaka mmoja baada ya upasuaji, si za wiki ya tatu, maana wiki ya tatu hata yangu ilikuwa ya kupigiwa vigelegele.

Na nenda na ripoti ya upasuaji wa kwanza. Yangu haikupatikana. Hospitali ile iliniambia faili limehamishwa, kisha kwamba halipo, kisha simu ikawa haipokelewi. Kama umepasuliwa juzi juzi, iombe leo, uiweke pamoja na hati ya ndoa.

Udhu, sijda na maneno ya barazani

Mama yangu neno lake ni moja: "Mwanangu, pua ni moya." Anaogopa kisu, na anaogopa kubadilisha alichoumba Mungu. Nilimwendea mwalimu wangu wa chuoni. Akanikumbusha hadithi ya Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua yake siku ya vita vya Kulab, akaweka ya fedha, ikanuka, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Kuondoa dhara si sawa na kutafuta uzuri juu ya uzuri, akasema. Kwa pumzi yangu hakuona tatizo. Kwa ncha ya wifi alicheka, akasema amwulize mwenyewe.

Mambo ya ibada ni ya kupangwa, kwa sababu daktari wa mbali hatakwambia. Kuvuta maji puani kwenye udhu ni sunna kwetu Mashafii, hivyo unaacha hadi uruhusiwe. Banzi usoni lina hukumu yake ya kupangusa, muulize mwalimu wako mapema. Kuinama hupandisha damu kichwani na kunaweza kuanzisha kutoka damu, kwa hiyo wiki za kwanza unaswali kwa kukaa na kuashiria. Nami sitafanya Ramadhani ikikaribia, dawa zina saa zake.

Yaliyobaki nayapita haraka. Miwani haikai juu ya pua wiki 4 hadi 6. Baharini usizame wala usipige mbizi hadi uruhusiwe, na vishindo vya boti wakati wa kusi si vya wiki ya kwanza. Jua la adhuhuri huacha madoa kwenye ngozi iliyovilia damu, buibui na mtandio vinasaidia. Aspirini na ibuprofeni huachwa kabla kwa maelekezo ya daktari, sigara angalau wiki 4, na wanaume wanaotafuna miraa wamwambie daktari wa nusukaputi ukweli, maana hupandisha presha na mapigo ya moyo. Mwenye kipini akitoe, na aulize lini atakirudisha, hasa kama bawa hilo ndilo litakalowekewa gegedu.

Tulipofika

Ningekuwa naamua kwa ajili ya mtu nisiyemjua, ningemuuliza kama analala usiku. Asiyelala kwa sababu ya pumzi, na ameshatibu mzio miezi mitatu kwa uaminifu, na imepita zaidi ya mwaka 1 tangu kisu cha kwanza, nadhani anastahili kisu cha pili, kidogo kadiri inavyowezekana. Asiyelala kwa sababu ya picha, asubiri. Wifi alinibishia hapo, akasema nafsi nayo ina pumzi yake. Sikuwa na jibu zuri.

Yeye ameamua kungoja hadi mwakani. Ameziacha fila. Ameanza kuonana na mshauri mjini Malindi, mara moja kwa wiki mbili, na anasema bado anaichukia ile ncha, lakini kioo cha lifti sasa anakipa mgongo. Akifika mwakani na bado anaitaka, nitamsindikiza mwenyewe.

Mimi naondoka Jumatatu kwa ndege ya Manda. Nimeambiwa baada ya upasuaji nilale kichwa kikiwa juu, wiki mbili, na mito yetu ya nyumbani ni ya sufi iliyolala kama chapati. Wifi ameniletea miwili mipya kutoka Malindi, ameikumbatia ndani ya basi njia nzima, na amesema nisimrudishie.